Maswali ya Wasomaji: Spika Yako Haijapasuka

Swali: Mzee wa safu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Ngamiani, Tanga, na nimelelewa katika nyumba ambayo redio haikupumzika, asubuhi taarabu, jioni bongo fleva. Mwezi uliopita binamu yangu aliniwekea kwenye flashi albamu ya bendi ya New York iitwayo The Strokes, akaniambia kwamba hiyo ndiyo roki ya indi. Nimeisikiliza mara mbili. Magitaa yamenipendeza, lakini mwimbaji anakwaruza kana kwamba anaimba ndani ya simu, hata nikadhani spika yangu imepasuka. Naomba kujua: indi ni muziki wa namna gani, na mtu wa Tanga, ambako bendi hizo haziji, auanzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Spika yako ni nzima. Albamu hiyo, *Is This It* ya mwaka 2001, ilirekodiwa hivyo kwa makusudi: mwimbaji Julian Casablancas alipitisha sauti yake katika amplifaya ndogo ya mazoezi, ile ambayo mpiga gitaa huiweka chumbani kwake, ili itoke kavu na yenye mikwaruzo. Wewe uliyezoea sauti zilizosafishwa za bongo fleva una haki ya kushtuka.

Neno indi limekatwa kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya kujitegemea, na sisi tuliosomeshwa Azimio la Arusha hatuna haja ya kutafsiriwa hilo. Asili yake ni habari ya fedha kabla ya kuwa habari ya muziki. Katika miaka ya 1970 bendi ya Uingereza iliyotaka kutoa santuri ilikuwa, kwa kawaida, lazima ipite mikononi mwa kampuni kubwa. Januari 1977 vijana wa Manchester waliojiita Buzzcocks walikopa fedha kwa ndugu na marafiki, wakatoa wenyewe santuri ya nyimbo nne. Mwaka uliofuata Rough Trade, ambalo lilikuwa duka la santuri mjini London tangu 1976, likageuka pia kuwa lebo, yaani kampuni ya kutoa santuri, na ilipofika 1980 santuri za lebo hizo ndogo zilikuwa na chati yao ya peke yake. Kwa hiyo, mwanzoni, kusema bendi ni ya indi kulikuwa ni kujibu swali la nani aliyelipia studio. Baadaye neno likahama, likawa jina la mlio: magitaa mawili yanayojibizana, mashairi ya mambo madogo ya maisha, nakshi chache za studio. Hata hiyo albamu yako ilitolewa na Rough Trade kule Uingereza, lakini Marekani ilitolewa na RCA, kampuni kubwa ya siku nyingi. Nimewahi kuwasikia vijana wakibishana hadi usiku kuhusu nani ni indi wa kweli. Usiingie katika ubishi huo, hauna mshindi.

Sasa pa kuanzia. Chukua albamu moja, uisikilize yote kwa mpangilio wake, bila kuruka wimbo, kila siku kwa wiki nzima. Mara mbili hazitoshi. Siku ya kwanza usikilize ovyo. Siku ya pili fuata gitaa moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, siku ya tatu fuata lile lingine, siku ya nne besi. Kazi hii kwako si ngeni kama unavyodhani, maana unatoka katika mji wa bendi za dansi Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Mtafute mzee yeyote wa Ngamiani aliyecheza dansi enzi hizo, umuulize gitaa la solo linafanya nini, la ridhimu linafanya nini na besi inakaa wapi, naye atakueleza kwa vidole na mdomo kuliko ninavyoweza kukueleza mimi kwa kalamu. Sikio hilohilo ndilo utakaloingia nalo kwa The Strokes.

Ukishaijua albamu, itafute bendi ileile ikipiga laivu. Wiki ya albamu peke yake haijakamilika, kwa sababu santuri hukuonyesha kile ambacho bendi ilikusudia, na jukwaa hukuonyesha kile ambacho bendi inaweza. Nilipokuwa na umri wako nilisimama kando ya spika ya besi katika ukumbi mmoja hapa Tanga, na juu ya spika hiyo mtu alikuwa ameacha chupa ya soda. Kila mpigaji alipogusa uzi mnene chupa ilisogea, kidogo kidogo, ikatembea hadi ukingoni, naye akaizuia kwa kiwiko pasipo kukosa pigo hata moja. Nilikuwa na wimbo ule nyumbani, nikidhani naujua, kumbe sijawahi kuisikia besi yake.

Bendi za mbali hazitakuja Tanga mwaka huu, lakini zipo njia za kuzisogelea. Mtangazaji John Peel wa BBC, aliyekuwa hewani Radio 1 tangu 1967 hadi alipofariki mwaka 2004, alikuwa akizialika bendi studio zirekodi, kwa kawaida nyimbo nne kwa siku moja, bila muda wa kupamba. Wazee wetu wa dansi waliorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, wangeielewa hali hiyo bila maelezo. Siku hizi kituo cha redio cha KEXP cha Seattle huzirekodi bendi kwa video zikipiga studioni na kuziweka YouTube, na redio ya umma ya Marekani, NPR, tangu 2008 huwapigisha wanamuziki nyuma ya meza ya ofisi, katikati ya rafu za vitabu. Tazama usoni mwao. Utamwona mpiga dramu akimsubiri mwimbaji, na utajua ni nani hasa anayeiongoza bendi, jambo ambalo albamu huficha.

Swali: Kaka mwandishi, salaam kutoka Chumbageni. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Je, muziki huu utanifaa? Na Mwafrika yumo, au ni wa Wazungu peke yao?

Jibu: Dada yangu, yumo, na kwa maoni yangu ungeanza na huyo kabla ya hao wa New York. Anaitwa Mdou Moctar, mwenyeji wa Niger, naye huimba kwa Kitamasheki, lugha ya Watuareg, watu wa jangwa la Sahara, kwa hiyo msikilizaji wa London naye haelewi neno. Gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe, nyuzi zake zikiwa waya za breki za baiskeli. Amepiga sana harusini, na nyimbo zake za awali zilivuka jangwa kutoka simu hadi simu katika memori kadi, kama tulivyokuwa tukigawiana taarabu. Leo albamu zake hutolewa na Matador, lebo ya New York iliyoanzishwa mwaka 1989.

Mei 2024 alitoa *Funeral for Justice*, ambamo gitaa la umeme linapiga kelele tangu mwanzo. Mwaka 2025 akatoa *Tears of Injustice*, na humo mna nyimbo zilezile, safari hii kwa magitaa yasiyo ya umeme. Nyuma ya albamu hii ya pili kuna kisa: Julai 2023, bendi ikiwa ziarani Marekani, jeshi lilipindua serikali ya Niger, na wanamuziki hao wakashindwa kurudi nyumbani kwa muda. Chagua wimbo mmoja, uusikilize katika albamu zote mbili, mmoja baada ya mwingine, kwa hedifoni. Katika ule wa kwanza utasikia mtu anayegombana. Katika wa pili ni mtu yuleyule, usiku, amekaa mkekani. Kwa hilo hakuna kamusi itakayokusaidia, wala huihitaji.

Swali: Mzee, mimi wa Raskazone nataka kununua albamu kwa haki, si kuzichukua bure. Ninunue wapi? Na nikitaka kusikia bendi kwa masikio yangu bila kwenda Ulaya?

Jibu: La pili kwanza. Kila Februari kuna Sauti za Busara ndani ya Ngome Kongwe, Unguja, tamasha lililoanza mwaka 2004. Si tamasha la roki, lakini kila anayepanda jukwaani anapiga laivu, hakuna anayeimba juu ya kanda, na kwa anayejifunza kusikiliza bendi hilo ndilo la msingi. Ukifika, usisimame katikati. Simama pembeni, karibu na besi.

Kuhusu kununua, jaribu Bandcamp, mtandao ulioanzishwa mwaka 2008. Albamu nyingi unaweza kuzisikiliza kabla ya kulipa, na katika mauzo ya kidijitali mtandao wenyewe hukata asilimia 15, zinazobaki, ukiondoa gharama za malipo, zikaenda kwa msanii au lebo yake. Utahitaji kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni. Ukishalipa pakua faili lote mara moja, ulihifadhi kwenye simu, na bando likikatika saa sita usiku albamu itaendelea hadi wimbo wa mwisho.