Oili ya sintetiki kwenye pikapu: imwagwe lini?

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: oili ya sintetiki ni ghali na inasifiwa kwa kudumu, basi mwenye pikapu akae nayo hadi lini? Nimechagua chache.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Pikapu yangu ni ya petroli. Fundi wangu anasema nimwage oili kila kilomita 5,000, kitabu cha gari kinasema 10,000, na galoni la oili limeandikwa 20,000. Nimsikilize nani?

JIBU: Kitabu, ndugu yangu, ila ukisome hadi mwisho. Galoni haliijui injini yako. Fundi wako naye anafuata desturi ya oili ya madini, yaani ile ya kawaida isiyo sintetiki, ambayo kweli ilikuwa ikichoka mapema. Tatizo ni kwamba wengi wakishaiona ile namba kubwa hufunga kitabu, wakati kurasa za matengenezo huwa na ratiba mbili: ya matumizi ya kawaida na ya kazi ngumu. Toyota nchini Marekani, kwa mfano, huruhusu maili 10,000 (kama kilomita 16,000) au miezi 12 kwa injini zake nyingi zinazotumia sintetiki ya 0W-20 (alama ya oili nyepesi). Kwa anayevuta tela, anayebeba mizigo mizito au anayepita barabara za vumbi, namba hiyo hushuka hadi maili 5,000 (kama kilomita 8,000) au miezi sita. Nusu nzima imeondoka.

Sasa jiulize pikapu hununuliwa kwa ajili ya nini. Tela, mizigo, vumbi! Wenye pikapu wengi wamo kwenye ratiba ya kazi ngumu bila kujijua. Kwa kitabu chako cha 10,000, kama gari linafanya kazi hizo kila wiki, mimi ningemwaga kwenye 5,000, na hapo fundi wako atakuwa amepatia, ingawa kwa sababu nyingine. Kama ni la kwenda ofisini na kurudi kwa lami, kaa na 10,000 yako kwa amani.

SWALI: Mimi natembea kilomita 3,000 tu kwa mwaka, safari za karibu karibu. Si naweza kukaa na sintetiki miaka mitatu?

JIBU: Hapana. Safari fupi ndizo zinazoitesa oili. Injini baridi huchoma mafuta vibaya, hivyo petroli kidogo na mvuke wa maji hupenya kwenye ringi za pistoni na kushukia kwenye oili. Gari likienda mwendo mrefu, oili hupata moto wa kutosha, karibu nyuzi 100 za Selsiasi, na uchafu huo hufukizwa ukatoka. Wewe unazima kabla haijafika huko. Maji na mabaki ya mafuta yanageuka asidi, na vile viungo vya kuua asidi vilivyotiwa kwenye oili vinaisha hata kama gari limelala. Mwaka mmoja usizidi, na kama safari zote ni za dakika chache, miezi sita.

SWALI: Fundi, nina pikapu ya dizeli. Nimeweka sintetiki mpya, wiki haijaisha imekuwa nyeusi tii. Nimeuziwa oili feki?

JIBU: Kwa weusi huo peke yake siwezi kumtuhumu aliyekuuzia. Dizeli hutoa masizi, na kazi ya oili nzuri ni kuyashika yaelee badala ya kuganda kwenye kuta za injini. Oili ya dizeli inayobaki ya dhahabu kwa muda mrefu ndiyo ingenitia shaka.

Angalia mambo mawili mengine. La kwanza, oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na gasketi ya kichwa cha injini ni mshukiwa wa kwanza. La pili, kiwango kwenye stiki kikipanda badala ya kushuka, dizeli inaingia kwenye oili. Hili huwapata sana wenye magari yenye chujio la masizi kwenye bomba la moshi: ili kulisafisha chujio, kompyuta hunyunyiza dizeli ya ziada ili moshi uwe wa moto zaidi, na sehemu yake huteleza kwenye kuta za silinda hadi chini. Ukizima gari mara kwa mara katikati ya usafishaji huo, kazi inaanza upya na oili inazidi kuwa nyepesi. Hapo usingoje kilomita zitimie, mwaga. Halafu hakikisha unayoweka ni oili ya majivu machache, aina iliyotajwa kwenye kitabu. Nyingine italiziba chujio lenyewe.

SWALI: Pikapu yetu inaendesha pampu ikiwa imesimama, kama saa nne kwa siku. Kilomita haziongezeki. Tunahesabuje?

JIBU: Swali hili nimelipenda, maana linaonyesha udhaifu wa kilomita. Oili huchoshwa na mizunguko ya injini na joto, na vyote viwili vipo hata magurudumu yakiwa yametulia. Kuna kanuni inayochukulia saa moja ya kuunguruma gari limesimama kuwa sawa na kilomita 40 hadi 50 za barabarani. Kwa saa zenu nne ni kilomita 160 hadi 200 kwa siku, na mkifanya kazi siku 25 kwa mwezi, mmeshafika 4,000 hadi 5,000 bila kutoka uwanjani. Tena kanuni hiyo ni ya injini isiyobeba mzigo, na yenu inasukuma pampu. Fungeni kipima saa, mwage kila saa 200. Kama gari linacho tayari kwenye dashibodi, bora zaidi.

SWALI: Dashibodi inasema oili ina asilimia 40 ya maisha yake. Niiamini?

JIBU: Kwenye barabara safi, ndiyo, kwa sharti kwamba aliyemwaga oili mara ya mwisho alikumbuka kuirudisha hesabu ya dashibodi kwenye 100. Lakini elewa kwamba kwenye magari mengi kompyuta haiipimi oili. Inapiga hesabu kutokana na mizunguko, joto na idadi ya kuwasha. Vumbi lililopita kwenye filta ya hewa iliyochanika halimo kwenye hesabu hiyo.

SWALI: Niliishiwa njiani nikaongeza lita moja ya oili ya madini. Nimeharibu injini?

JIBU: La. Oili za injini zenye viwango hutengenezwa ziweze kuchanganyika. Ulichopoteza ni muda: usiivute hadi mwisho wa ratiba ya sintetiki.

SWALI: Naomba kuuliza, gari langu lina kilomita 250,000 na limekula oili ya madini maisha yake yote. Nasikia sintetiki italifanya livuje.

JIBU: Sifa hiyo mbaya ilitokana na sintetiki za mwanzo, miaka ya 1970, ambazo baadhi zilisinyaza sili za mpira. Za leo hazina shida hiyo. Ila kama sili zako zimeshachoka na uchafu mzito ndio unaoziba nyufa, oili inayosafisha vizuri inaweza kuufichua uvujaji uliokuwepo. Ukihama, mara ya kwanza mwaga mapema, kwenye kilomita 3,000 hivi, pamoja na filta, kwa sababu itakuwa imebeba takataka za miaka. Na walioniuliza kama filta inaweza kuvuka zamu moja: ikiziba, vali yake hufunguka na oili hupita bila kuchujwa. Badilisheni kila mara.