Kabla ukopee kozi ya bodi
Dadangu, hongera kwa kuchaguliwa kwa bodi ya sacco, chama chenu cha akiba na mikopo. Unauliza kama ukope ulipe ile kozi ya siku tano ya uongozi na utawala wa kampuni hapo Westlands, Nairobi, mimi nakuambia usikope, uliza kwanza kama sacco ina bajeti ya mafunzo ya wakurugenzi, mara nyingi huwa ipo na hakuna anayeitaja. Ukitaka kuwa katibu wa kampuni kabisa hiyo ni njia ingine, ni mitihani ya CS (Certified Secretaries) ya KASNEB, ile bodi ya mitihani ya wahasibu na makatibu wa kampuni, na kazi ipo kwa sababu Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015 inataka hata kampuni binafsi yenye mtaji uliolipwa wa shilingi milioni 5 kwenda juu iwe na katibu.

Kwa bodi tafuta mkufunzi anayewapa ripoti ya mkaguzi mkononi mnaisoma mstari kwa mstari, mikopo mibaya, ile isiyolipwa, imetengewa pesa ngapi za kufidia hasara, wakurugenzi wenyewe wamekopa ngapi. Hapo ndipo sacco huumia!! Na makaratasi yakiletwa usiku wa kuamkia kikao, kataa kupitisha, sema iandikwe kwa minitsi kwamba hukukubali. Mwenyekiti atanuna, wacha anune, hiyo ni pesa ya wanachama.