Mbuzi wametupa mimba, na homa imeingia nyumbani

Swali: Shikamooni madaktari. Mbuzi wangu watatu wametupa mimba mwezi mmoja kabla ya siku zao. Mume wangu ndiye aliyewazalisha, kwa mikono mitupu. Wiki tatu baadaye akashikwa na homa kali, jasho usiku na kichwa kisichotulia. Kipimo hakikuonyesha malaria, lakini alipewa dawa ya mseto na homa haijashuka. Je, kaipata kwa mbuzi? – Mama mfugaji, Hai, Kilimanjaro

Jibu: Marahaba mama, na poleni. Inawezekana kabisa, na hizo wiki tatu ndizo zinazotufanya tuitaje homa ya Q mapema. Tangu bakteria wake, Coxiella burnetii, aingie mwilini hadi homa ianze hupita wiki mbili hadi tatu. Mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia hukaa naye huku wakila na kutembea kama kawaida; mara nyingi dalili pekee ni kutupa mimba karibu na kuzaa, au kuzaa watoto dhaifu.

Hatari kubwa iko siku ya kuzaa. Gramu moja ya kondo la nyuma inaweza kubeba bakteria bilioni moja, na wasiofika kumi wanatosha kumwambukiza mtu. Njia yao kuu ni pumzi. Maji ya uzazi yakikaukia kwenye samadi, vumbi lake hubaki na bakteria hai kwa miezi, na upepo hulibeba. Uholanzi, kati ya 2007 na 2010, watu zaidi ya 4,000 waliripotiwa kuugua, wengi wao majirani tu wa mabanda ya mbuzi wa maziwa.

Huko kwenu ugonjwa huu umeshapimwa. Mwaka 2007 na 2008 walichunguzwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Madaktari walidhani 528 wana malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Kati ya waliopimwa homa ya Q, 24 walikuwa nayo, yaani kama mmoja katika kila 20. Ndiyo maana tunakusihi: mrudishe mumeo hospitali leo, na la kwanza kumwambia daktari liwe hili, "Wiki tatu kabla ya homa nilizalisha mbuzi waliotupa mimba." Asiposikia hayo, hana sababu ya kuufikiria ugonjwa huu.

Tiba ya kawaida kwa mtu mzima ni doksisaiklini miligramu 100, mara mbili kwa siku, siku 14. Daktari huianza bila kungoja maabara, maana damu ya siku za mwanzo huweza kutoa jibu la uongo; ya kuthibitisha huchukuliwa tena baada ya wiki tatu hadi sita. Amoksilini msiitegemee, kwa sababu bakteria huyu hujificha ndani ya seli. Ombeni na kipimo cha brusela, ambayo pia huwatupisha mbuzi mimba na tiba yake huchukua wiki sita kwa dawa zaidi ya moja.

Swali: Makondo niyafanyeje, na je, jiki inatosha kusafishia banda? – Mfugaji, Longido

Jibu: Jiki peke yake haitoshi. Ikikutana na samadi nguvu yake huisha, na bakteria huyu ni sugu kwa dawa nyingi za kusafishia. Kazi kubwa ni kumwondoa kabla hajakauka.

Mpigie kwanza afisa mifugo, achukue sampuli; homa ya Bonde la Ufa nayo hutupisha mimba. Vaa glavu ndefu, buti za mpira na barakoa ya N95. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hili. Chimba shimo la zaidi ya mita moja, mbali na kisima. Tia kondo, vitoto vilivyokufa na nyasi zilizoloa, mwaga chokaa, fukia, kisha panga mawe juu. Mawe hayo usiyaache: mbwa akifukua, ataburuta kondo hadi uani, na yeye mwenyewe huambukizwa.

Usifagie pakavu. Nyunyiza maji hadi samadi inyevuke, ichote kwa koleo polepole, irundike na kuifunika kwa turubai miezi mitatu kabla ya kuipeleka shambani. Nguo za zizini zivue nje na uziloweke hapo hapo, bila kuzikung'uta.

Swali: Maziwa ya mbuzi hao tunywe? – Mama wa watoto wawili, Kajiado

Jibu: Yachemshe hadi yatokote, hapo ni salama. Mtindi wa maziwa mabichi usiuamini. Ukali wake haumuui bakteria huyu.

Swali: Nina mimba ya miezi mitano, na nyumbani tunazalisha mbuzi. Nifanye nini? – Msomaji, Dodoma

Jibu: Usikanyage zizini hadi msimu wa kuzaa uishe, wala usifue nguo za huko. Homa ya Q huweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Ukipata homa, taja mimba na mbuzi kwa pamoja: wajawazito kwa kawaida hupewa kotrimoksazoli badala ya doksisaiklini. Na kama nyumbani yupo mwenye ugonjwa wa vali za moyo, naye akae mbali. Kwake bakteria huyu huweza kujichimbia kwenye vali na kuibuka miezi au miaka baadaye, na hapo dawa mbili humezwa kwa miezi 18 au zaidi.