Kura yangu ilipotea miezi mitano kabla ya uchaguzi

Nilikaa kwenye foleni zaidi ya saa tatu. Watu walikuwa wametulia, wanasogea hatua mbili wanasimama, wanapisha wazee na kina mama wenye watoto mgongoni. Nilipofika mezani nikatoa kadi yangu ya mpiga kura. Karani akaweka rula kwenye orodha, akaishusha jina kwa jina mpaka mwisho wa ukurasa, akarudi juu, akaanza upya. Kisha akaniambia taratibu, "Jina lako halipo kwenye kituo hiki."

Kadi ilikuwa halali, na jina langu lilikuwapo daftarini, ila katika daftari la mji niliouhama mwaka mmoja nyuma. Kufika huko ni safari ya siku nzima, na vituo vilikuwa vinafungwa jioni ileile. Muda wa kuhamisha taarifa ulikuwa umekwisha miezi mitano kabla. Tangazo nililisikia. Nikajiambia nitakwenda wiki ijayo, na wiki ijayo ikanipita. Sikuwa na mtu wa kumlaumu, nikaondoka nikiwa na uchungu ambao sijausahau.

Tangu hapo, kila uandikishaji unapofunguliwa, nawazungukia ndugu, majirani na wenzangu kazini. Wengi wanaijua siku ya kupiga kura, maana hiyo ina mabango, vipaza sauti na mikutano. Siku ya kujiandikisha hupita kimya, na ndiyo siku ambayo kura ya mtu hupatikana au hupotea.

Waliotaka kuwanyima watu sauti walilijua hilo kabla yetu. Marekani, katika jimbo la Mississippi, raia weusi walilindwa na katiba ya nchi tangu 1870 wasinyimwe kura kwa sababu ya rangi yao. Hakuna aliyehitaji kuwafukuza kwenye sanduku, kwa sababu walizuiwa mapema, kwenye meza ya uandikishaji. Mwaka 1962 Fannie Lou Hamer, mfanyakazi wa shamba la pamba, alikwenda Indianola kujiandikisha. Akapewa kifungu cha katiba ya jimbo akieleze maana yake, akaambiwa ameshindwa. Siku hiyohiyo akafukuzwa shambani alikofanya kazi miaka 18. Mwaka uliofuata akakamatwa na kupigwa vibaya ndani ya jela, na bado hakuacha. Sheria ya mwaka 1965 ilipopiga marufuku mitihani ile, hali ikageuka haraka: weusi walioandikishwa Mississippi, ambao hawakufika hata asilimia 10 ya waliostahili, wakavuka nusu kabla ya miaka mitatu kupita. Watu walikuwa walewale. Kilichofunguliwa ni daftari.

Hadithi ya New Zealand nayo huwa nawasimulia wasichana. Sheria ya kuwapa wanawake kura ilisainiwa Septemba 1893 na uchaguzi ulikuwa Novemba mwaka huohuo. Ndani ya wiki hizo chache wanawake zaidi ya 100,000 walikuwa wameshajiandikisha. Hawakungoja kukumbushwa.

Nikimaliza kusimulia, swali linalonirudia ni moja: kura yangu mimi peke yangu itabadilisha nini? Nalichukulia kwa uzito, kwa sababu mara nyingi anayeuliza amewahi kuumizwa na ahadi. Kwanza namkumbusha Zanzibar, Januari 1961. Jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja, na kiti hicho ndicho kilichokipa chama cha ASP (Afro-Shirazi) viti 10 dhidi ya 9 vya mpinzani wake mkuu, ZNP. Vile vitatu vilivyobaki, vya chama kidogo cha ZPPP, vikagawanyika, pande mbili zikafungana 11 kwa 11, na ikabidi uchaguzi urudiwe Juni mwaka uleule. Na si mambo ya zamani tu. Mwaka 2017, kwenye jimbo moja la uchaguzi la baraza la wawakilishi la Virginia, huko Marekani, wagombea wawili walihesabiwa kura 11,608 kila mmoja. Mshindi akapatikana kwa kuchota jina kutoka kwenye bakuli, na kiti hicho kikaamua kama chama kimoja kitakuwa na wingi barazani au vyama viwili vitafungana. Naona kuna watu katika jimbo lile waliobaki nyumbani siku hiyo na mpaka leo wanalifikiria lile bakuli.

Lakini sitaki kumdanganya mtu kwamba kila uchaguzi huamuliwa na kura moja. Nyingi haziko hivyo. Ninachoamini ni kwamba kiongozi husoma daftari kama mfanyabiashara anavyosoma wateja wake: akiona vijana wa eneo fulani hawajiandikishi, shida zao anaziweka mwisho. Na kwa anayesema matokeo huchezewa, namjibu kwamba kura chache ni rahisi kuzipindua kuliko kura nyingi zilizohesabiwa mbele ya mawakala. Halafu, usimtazame rais peke yake. Diwani wako huchaguliwa na watu wachache zaidi, na yeye ndiye aliye karibu na barabara yako, taka zako na maji yako. Huko kura za familia tatu zinaweza kutosha.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Nchi hazifanani. Ziko ambazo huchukua majina moja kwa moja kutoka kwenye rejista ya wakazi na raia hapangi foleni yoyote, kama Sweden na Ujerumani. Kwingi, ni lazima uende mwenyewe. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuuliza tume au ofisi inayosimamia uchaguzi: kwetu ni mimi ninayejiandikisha, au naandikishwa? Usichukue jibu la kijiweni.

Umri mahali pengi ni miaka 18, ingawa Austria na Brazil huruhusu kuanzia 16. Kuna jambo ambalo vijana wengi hulikosa: katika nchi nyingi umri unaohesabiwa ni ule utakaokuwa nao siku ya uchaguzi. Mwenye miaka 17 leo, ambaye atatimiza 18 kabla ya siku hiyo, anaweza kuruhusiwa kujiandikisha sasa. Wazazi, ulizeni hilo mapema.

Vitambulisho ndivyo vinavyokwamisha watu kuliko kitu kingine nilichokiona. Mtu anafika kituoni na jina moja kwenye cheti cha kuzaliwa, jingine kwenye kitambulisho, la tatu kwenye cheti cha ndoa. Sahihisha majina yako kabla uandikishaji haujafunguliwa, kwa sababu ofisi za vyeti haziharakishi kwa ajili ya uchaguzi. Kama huna hati kabisa, uliza kinachokubalika badala yake. Baadhi ya nchi hupokea uthibitisho wa kiongozi wa eneo au wa watu wanaokujua.

Kama uandikishaji unatumia alama za vidole, na unampeleka mzee aliyelima au kujenga maisha yake yote, jiandae kuwa na subira. Vidole vilivyosagika kwa kazi huisumbua mashine. Mnawishe mikono vizuri, aifute, ajaribu vidole vingine. Ikishindikana kabisa, usikubali arudishwe hivihivi. Omba msimamizi aeleze utaratibu mwingine uliowekwa. Mtu hawezi kupoteza haki kwa sababu alifanya kazi.

Ukihama, usijiandikishe upya kana kwamba ni mara ya kwanza. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Nenda uhamishe taarifa zako, na uhakikishe umepewa kituo kipya. Hili ndilo lililoniangusha mimi, kwa hiyo nalisema kwa kila mtu ninayesikia amebadilisha nyumba, hata kabla sijamuuliza habari za makazi mapya. Kadi yako kaa nayo mwenyewe pia. Akija mtu wa chama chochote anakusanya kadi au namba za kadi, hata akiwa na zawadi mkononi, usimpe.

Kisha kuna hatua ambayo nadhani ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo watu huiruka: uhakiki. Baada ya kuandikisha, daftari la awali huwekwa wazi kwa muda, ama kubandikwa kituoni, ama mtandaoni, ama kwa kutuma ujumbe wa simu. Watu wanadhani wakishapata kadi kazi imekwisha. Haijaisha. Nenda ukalitafute jina lako kwa macho yako. Soma kila herufi, angalia tarehe ya kuzaliwa, namba ya kadi na jina la kituo. Ukikuta kosa, jaza fomu ya marekebisho papo hapo na udai stakabadhi. Ukikuta jina la ndugu aliyefariki, toa taarifa liondolewe, maana jina la marehemu likibaki humo linaweza kutumiwa na mtu mwingine. Muda huu huwa mfupi, mara nyingi siku chache tu, na ukipita, kosa linakusubiri kituoni.

Shangazi yangu anashukuru sana hatua hiyo. Yeye aliandikishwa vizuri, akapigwa picha, akapewa kadi, akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka sandukuni. Nilimwomba twende tukatazame orodha. Alikataa mara mbili, akaona ninamsumbua na magoti yake yanamuuma. Mara ya tatu akakubali. Tulilitafuta jina lake kwenye herufi yake, halikuwapo. Tukaanza ukurasa wa kwanza tukashuka wote, tukalikuta mbali kabisa: herufi ya kwanza ilikuwa imekosewa, na mwaka wa kuzaliwa ulimfanya awe mdogo kuliko binti yake. Mwandikishaji alitusikiliza kwa heshima, akajaza fomu, akagonga muhuri.

Siku ya kupiga kura nilimsindikiza. Alikataa kupishwa mbele, akasema anataka kupanga foleni kama wengine. Tulipofika mezani karani aliichukua kadi, akaweka rula juu ya orodha, akaanza kuishusha. Nilijikuta nimebana pumzi. Rula ikasimama. "Uko hapa, mama," akasema, akamwekea alama, akamkabidhi karatasi yake. Shangazi akaenda kwenye kituturi polepole kwa fimbo yake, akakaa humo kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.