Makiwa: maswali yenu kuhusu msiba wa mwenzenu wa kazini

SWALI: Tuko sita hapa Malindi, waelimishaji rika na wauguzi wa wagonjwa majumbani, wote kuchu, yaani wapenzi wa jinsia moja au waliobadili jinsia. Mwenzetu, mwanamke aliyebadili jinsia, amefariki. Familia ilimzika kwa jina la kuzaliwa, sisi tukakaa mbali. Kila tukikutana tumlilie, kikao kinaishia kwenye mishahara iliyokatika. Tufanyeje?

JIBU: Makiwa, ndugu zetu. Kwenye matanga mfiwa hupewa mkono, hupikiwa, huondolewa kazi. Nyinyi hamkupata hata kimoja, na kesho yake mkatoka kupeleka dawa. Mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika mwaka 1989 kuhusu majonzi ya namna hii, ya mtu ambaye jamii haimhesabu kuwa mfiwa: hukaa muda mrefu kwa sababu hayana pa kutokea.

Basi fanyeni matanga yenu kwanza. Siku moja, nyumba mnayoiamini, aitwe jina alilojiita mwenyewe. Anayetaka hitma asome, anayetaka sala asali. Hamhitaji kaburi wala ruhusa ya familia.

Kisha ndipo kikao. Saa moja na nusu kila wiki mbili, kwa miezi mitatu, halafu mpime upya. Waongoze wawili, wasiwe wale waliomuuguza, maana hao wana haki ya kulia tu. Kila mmoja asema dakika tano bila kukatizwa wala kushauriwa, asiyetaka anyamaze. Hapa ndipo wahudumu wa afya huharibu: mikono yetu imezoea kutibu. Mwenzako akianza kulia ukamkimbizia kitambaa, anaelewa kwamba amalize upesi. Wekeni vitambaa katikati ya mkeka, achukue mwenyewe.

Mishahara ipeni siku yake. Si jambo dogo, hasa tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025, lakini ikichanganywa na msiba itaumeza, kwa kuwa hasira hutoka upesi kuliko machozi. Ikizuka, mwongozaji aiandike kwenye karatasi ya kikao kile kingine na kumrudishia msemaji zamu yake.

Kuhusu usalama hatubembelezi. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachotumika kuadhibu ngono ya jinsia moja, kingalipo. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Msipige picha, msiandike orodha ya waliohudhuria, na ujumbe wa WhatsApp uwekwe ujifute baada ya saa 24. Simu ya marehemu ikiwa kwa familia, na namba za wateja zimo, waarifuni wateja leo hii, tena kwa mdomo. Wateja wake wagawanywe kwa wote. Mkimwachia mmoja kwa sababu “alikuwa rafiki yake”, atakuwa anafiwa upya kila mlango anaobisha.

SWALI: Nitajuaje kwamba yamenizidi?

JIBU: Shirika la Afya Duniani huanza kuzungumzia majonzi yaliyogeuka ugonjwa yakipita miezi sita huku mtu hawezi shughuli zake. Wewe usingoje hesabu hiyo ukiwa hulali, umeacha dawa zako mwenyewe, au unatamani kufa. Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haina malipo. Ukitafuta mshauri nasaha wa ana kwa ana, piga simu kabla ya kwenda na usitaje jina lako: uliza kama amewahi kumhudumia mtu aliyebadili jinsia. Akisita au akianza kukuhubiria, kata simu, tafuta mwingine.