Alikuwa Ameketi Safu ya Tatu

Tangu mwaka wa kwanza nilikuwa nikimwita shoga yangu. Kwetu Mombasa hilo ni neno la wanawake: shoga ndiye unayemsuka nywele, unayemtolea siri, unayemwachia ufunguo wa chumba. Yeye alikuwa mtoto wa bara, na kwao neno hilo ni tusi, basi kila nikimwita mbele za watu alicheka kidogo halafu akatazama pembeni. Nikadhani ni haya tu za mtu asiyezoea Kiswahili cha pwani.

Alhamisi moja Februari 2019, kesho yake ikiwa siku ya hukumu iliyokuwa ikingojwa nchi nzima, mwalimu wetu wa sheria ya katiba aligawa darasa pande mbili. Upande mmoja uvitetee vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, vile vinavyotumika kuadhibu mapenzi ya jinsia moja, mwingine uvipinge. Mimi nikapangiwa upande wa serikali. Nilijiandaa kweli: suti nyeusi ya kuazima, karatasi sita, sauti ya mahakamani. "Mheshimiwa," nikasema, "tukiwafungulia hawa mlango, kesho atabisha nani?" Darasa likapiga meza. Yeye alikuwa safu ya tatu, anaandika, na hakuinua kichwa. Jioni hakuja kula chapati na madondo kwa mama wa kibandani. Alinitumia ujumbe kwamba kichwa kinamuuma.

Kesho yake majaji wa Mahakama Kuu waliahirisha hukumu hadi tarehe 24 Mei, na siku hiyo ilipofika wakayatupilia mbali maombi ya kuvifuta vifungu hivyo. Vifungu vikabaki kama vilivyokuwa. Sisi tulikuwa tumeshasahau mdahalo wetu. Yeye aliniambia ukweli wake Novemba, juu ya paa la hosteli, tukianua nguo. Hakunilaumu kwa hotuba ile. Alisema tu, "Ulinitazama mara mbili ukiongea. Nilidhani unajua."

Sasa mimi ni wakili, na hualikwa mara mojamoja kuketi kama jaji kwenye mahakama za mazoezi za wanafunzi. Bado nasikia hotuba yangu ileile, imebadilishwa suti tu. Ndiyo maana naandika, hasa kwa walimu na viongozi wa madarasa.

Mwalimu, kesi hizi zifundishe kana kwamba mlalamishi yuko darasani, maana mara nyingi yuko. Sisemi zifichwe. Nasema swali lisiwe "watu hawa wawepo au wasiwepo?" Hilo si swali la sheria hata kidogo. Tazama hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 24 Februari 2023. Bodi iliyokuwa ikisimamia mashirika yasiyo ya kiserikali ilikuwa imemkatalia Eric Gitari jina la shirika alilotaka kusajili kwa sababu lilitaja mashoga na wasagaji. Akaenda kortini 2013, na safari ikachukua miaka kumi. Majaji watatu kati ya watano walisema kuwanyima watu hawa haki ya kujumuika iliyo katika Ibara ya 36 ya Katiba ni ubaguzi, na kwamba neno "jinsia" katika Ibara ya 27(4) linabeba pia mwelekeo wa kimapenzi. Kifungu cha 162 hawakukifuta, wala ndoa hawakuihalalisha. Mwanafunzi anayeandika kwenye mtihani kwamba "mahakama iliruhusu ushoga" hajaisoma hukumu, na anastahili alama anazopata.

Vivyo hivyo kesi ya wale wanaume wawili waliokamatwa Kwale 2015, wakafanyiwa ukaguzi wa sehemu za siri kwa nguvu. Machi 2018 Mahakama ya Rufaa iliyoketi Mombasa ilisema ukaguzi ule ulikuwa kinyume cha sheria. Ni kesi ya ushahidi, ya utu na faragha. Tulipoisoma darasani watu walicheka, nami nilicheka, na mwalimu akangoja kicheko kiishe badala ya kukikata. Kukikata kungemchukua sekunde tatu.

Hapo penye kosa langu la pili ndipo ninapotaka kukaa zaidi, maana lile la kwanza nililifanya kwa ujinga na hili nililifanya kwa mapenzi.

Baada ya ile siku ya paani sikulala. Kundi letu la WhatsApp lilikuwa limeanza vijembe juu yake, mara nywele zake, mara suruali zake. Nikaamua nimsaidie. Nilikwenda ofisi ya ushauri wa wanafunzi, sikumwuliza yeye kwanza, nikaeleza kila kitu na jina nikalitaja. Yule mama alinisikiliza vizuri mno, akaandika kwenye faili, akanishukuru. Wiki mbili baadaye mjomba wake aliyekuwa akimlipia karo alipigiwa simu "ya kumjulisha tu". Mjomba akafunga mkoba.

Mwezi uleule, Novemba 2019, Kenya ilikuwa imepata Sheria ya Ulinzi wa Data, ambayo inahesabu mwelekeo wa kimapenzi wa mtu kuwa taarifa nyeti. Nilikuwa nikiisoma sheria hiyo kwa ajili ya insha! Sikuunganisha faili la yule mama na kile nilichokuwa nikikipigia mistari kwa kalamu ya njano.

Kwa hiyo, ukiambiwa, uliza: "Unataka nifanye nini?" Akisema usifanye lolote, basi kaa naye ule chapati. Jina lake si lako kulipeleka ofisini, hata ofisi iwe na zulia na sanduku la tishu. Na wewe kiongozi wa darasa, usiache vijembe vya kundini vikue. Andika "mada hii ifungwe" bila kumtaja unayemtetea, kwa sababu kumtetea kwa jina ni kumtangaza.

Msaada uliomfaa mwishowe ulikuwa wa kawaida kabisa. Watu wanne tulichanga karo ya muhula kwa M-Pesa, sababu tukaandika "dharura ya kifamilia", na mmoja akampa kitanda kwake. Ningekuwa na chama cha wanafunzi leo, ningeanza na mfuko mdogo wa dharura usiouliza maswali kabla ya kufikiria bango lolote.

Kuna jambo la mwisho kwa wanafunzi wenyewe, kwa sababu shoga yangu alikuwa ameliogopa peke yake kwa miaka mitatu. Alidhani hataapishwa kuwa wakili, maana ombi la kuapishwa linakwenda na vyeti vya mawakili wanaothibitisha mwenendo wako. Kifungu cha 162 kina adhabu ya miaka 14 na si cha kuchezewa, lakini kinaadhibu tendo, na tendo huthibitishwa kwa ushahidi. Juu ya jinsi mtu alivyo hakisemi neno. Cha 165 kinataja wanaume peke yao. Alipovisoma kwa utulivu, kama anavyosoma mkataba wa mteja, alivuta pumzi kwanza, halafu akachora mstari chini ya neno "wanaume" akacheka.

Na wale ambao jina la vyeti si jina wanaloishi nalo wasome kesi ya Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, dhidi ya baraza la mitihani, 2014, ambapo Mahakama Kuu iliagiza atolewe cheti kipya chenye jina lake, kisicho na alama ya jinsia. Anzeni makaratasi mapema, kabla hamjajiandikisha kwa mafunzo ya uwakili, kwa kuwa karani akiona majina mawili anarudisha faili bila kusoma kesi ya mtu.

Nitaulizwa, kwa hiyo niseme: mimi ni Mwislamu wa Mombasa na swala zangu ziko palepale. Sijamwomba mtu abadili imani yake ili amwachie mwenzake asome.

Aliapishwa. Tulikutana juzi kwenye ngazi za mahakama, yeye na faili tatu kwapani, mimi nimechelewa. Aliniuliza kama nina nakala ya uamuzi fulani wa kodi, nikamtumia palepale kwa simu. Siku hizi ananiita Wakili, nami namwita Wakili. Lile neno letu la zamani hajalirudisha, na mimi nangoja alianze yeye.