Kabla Hujauza Cherehani, Nenda Kaombe

Wiki iliyopita dada mmoja anayenisoma aliniandikia pembeni. Ni fundi wa nguo. Mume wake yuko kitandani tangu apate ajali ya bodaboda, na ndani hakuna kitu. Ameshapata mteja wa cherehani yake. Akaniuliza: "Dada, hivi mtu mwenye cherehani na chumba chenye umeme anaweza kwenda kuomba unga msikitini, au watu watamcheka?" Nilimpigia, tukaongea mpaka salio likaisha, na bado naona sikumaliza. Namalizia hapa kwa ruhusa yake, maana najua wengi wenu mko kwenye hali hiyohiyo na mmenyamaza.

Mimi nilikuwa na meza ya mitumba pale Mchikichini, Ilala, ambapo wengi tunapaita Karume. Nguo za watoto. Usiku wa kuamkia Jumapili ya tarehe 16 Januari 2022 soko likaungua. Nilikuwa nimefungua belo jipya la nguo siku mbili tatu nyuma, nimeuza zile za gredi ya kwanza kidogo tu, na hela ya belo lenyewe nilikopa kwenye kikoba, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Asubuhi ile sitaisimulia. Waliokuwepo wanaijua, na wengine mliiona kwenye taarifa ya habari.

Ninachotaka mjue ni kwamba njaa haikuja siku ya moto. Siku ya moto simu hazikatiki, ndugu wanatuma chochote, wifi analeta sufuria ya wali, mtaa mzima unakupa pole. Njaa ilikuja Machi. Pole zilikuwa zimeisha, mwenye nyumba anataka kodi, na kikoba kinataka rejesho. Watoto nao walikuwa wanaenda shule. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, nashukuru, lakini sare, madaftari na viatu ni juu yako mzazi, na binti yangu mdogo alikuwa anavaa sketi iliyopasuka kiunoni ikashikwa kwa pini.

Kitu cha thamani nilichobakiwa nacho kilikuwa friji. Nikapata njia mbili, kama alizonazo dada yetu. Ya kwanza, niuze friji. Ya pili, nichukue mkopo kwa wale wakopeshaji wa riba kubwa tunaowaita kausha damu. Nilifika mpaka ofisini kwao. Kijana aliyenipokea alitaka kadi yangu ya benki na namba ya siri akae navyo yeye, na picha ya friji iwekwe kwenye fomu kama dhamana. Nikamwambia narudi kesho.

Jioni nikamwambia jirani yangu wa mlango wa pili. Tulikuwa tunachambua mchicha wake pale uani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Jirani, friji ukiuza mtakula wiki ngapi? Na zikiisha utauza nini?" Sikuwa na jibu. Akaniambia yeye kwenye jumuiya yao ya kanisani wana watu wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, chama cha Kikatoliki cha kusaidia wenye shida, atawaambia. Nikamwambia mimi Muislamu. Akacheka: "Kwani njaa yako ina dhehebu?"

Wakaja wawili, mama mtu mzima na kijana mwenye daftari. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwenda wawiliwawili mpaka nyumbani kwa mwenye shida ndiyo desturi yao ya siku nyingi. Chama chao kilianzishwa Paris mwaka 1833 na kijana aitwaye Frédéric Ozanam na wanafunzi wenzake. Wakati huo sikujua lolote. Niliona tu watu wamevua viatu mlangoni, wamekaa kwenye mkeka, wananiuliza mambo ya maana: watoto wangapi, wanasoma darasa gani, unadaiwa na nani, unajua kazi gani. Hakuna aliyetoa simu kupiga picha. Hakuna aliyeniuliza kuhusu ushungi wangu. Yule mama alipoliona friji hakusema "mbona una friji?" Aliuliza, "Hili linafanya kazi?" Nikasema linafanya. Akamwambia kijana aandike.

Waliporudi walileta unga wa sembe, maharage, mafuta, sabuni ya mche na mfuko wa sare za shule. Mimi nguo ndiyo kazi yangu. Nikishika nguo naigeuza ndani nje kabla sijaiangalia, siwezi kujizuia. Ile sketi ilikuwa ya mtoto mwingine, lakini aliyeitoa alikuwa ameifua, ameshusha pindo lote la chini, amelishona upya kwa mkono na kulipiga pasi, ili mtoto mrefu zaidi aweze kuivaa. Vifungo vyote vilikuwepo. Kwenye sweta, ndani ya kola, kulikuwa na jina la mwenyewe lililodariziwa kwa uzi mwekundu. Nililifumua kwa wembe polepole, uzi mmojammoja, nisije nikaitoboa kola. Nilijua kabisa kwamba kuna mama mahali amekaa chini kwa ajili ya mwanangu asiyemjua. Jumatatu binti yangu alikwenda shule akiwa nadhifu, na mimi nikapata usingizi.

Upande wa msikitini nilisita zaidi, na hapa nataka dada yetu anisikilize vizuri. Nilikuwa nikidhani zaka ni ya hohehahe, ya mtu asiye hata na pa kulala. Nikaenda kwa imamu wetu baada ya swala ya alasiri nikiwa na maneno mafupi tu: moto, belo la mkopo, deni la kikoba. Akanifungulia msahafu, Sura At-Tawba, aya ya 60, ambapo wametajwa wanaostahili zaka. Ni makundi manane, na mmojawapo ni mwenye deni. Akaniambia, "Wewe umo humu ndani, mwanangu, wala hukuja kuomba fadhila ya mtu." Maneno yale nayakumbuka mpaka leo. Kamati yao ililipa sehemu ya deni langu mojakwamoja kwa mweka hazina wa kikoba, wala hela haikupita mkononi mwangu, na nilishukuru iwe hivyo.

Mwaka ule Kwaresima ilianza tarehe 2 Machi na Ramadhani ikaingia mwanzoni mwa Aprili, kwa hiyo kwa kama majuma mawili parokia na msikiti walikuwa wanatoa kwa wakati mmoja. Nyumbani kwangu kulikuwa na mchele, tende, sukari na tambi kwa mpigo. Na kwa sababu chakula kilikuwepo, friji lilibaki. Nikagandisha barafu, nikakamua ukwaju na ubuyu, kila ikikaribia magharibi nipo barazani nauza. Hapo ndipo mtaji wangu ulipoanzia. Miezi iliyofuata sitawachosha nayo. Nilirudi Karume na kifurushi cha nguo za kuchagua, leo nafungua belo langu mwenyewe na sidaiwi na mtu. Najivunia, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Ndiyo maana nasema, dada, chakula cha msaada kazi yake kubwa ni kulinda kile unachofanyia kazi. Kiroba cha unga ukikipata leo, cherehani inabaki. Ukienda baada ya kuuza cherehani, kiroba kilekile kitakushibisha tu, basi. Nenda mapema. Nenda ukiwa bado una kitu. Wanaokuambia usubiri mpaka uchakae ndipo ustahili, hao hawajawahi kulala na njaa.

Na nenda kwanza kwa wanaokujua. Jumuiya, msikiti, mjumbe wa nyumba kumi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa iombe leo, hata kabla hujajua utaipeleka wapi, na uwe na kopi ya kitambulisho cha NIDA, maana taasisi nyingi zitakuuliza hivyo viwili. Ukifika, taja shida yako kwa jina. Usiseme "nisaidieni chochote". Sema nina watoto wawili, mmoja hana sare, kodi imebaki mwezi mmoja, nina cherehani nzima na nikipata chakula cha mwezi naweza kushona. Mtu akikusikia hivyo anajua pa kuanzia.

Msichanganye hayo na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Ule mfuko ulianza mwaka 2000 na ni wa serikali. Mpango wake wa kunusuru kaya maskini umekuwa na utaratibu wa kutambua kaya kupitia mikutano ya mtaa au kijiji, na zoezi hilo limekuwa na vipindi vyake. Uulize kwa mwenyekiti, lakini usikae ukiusubiri wakati watoto hawajala leo.

Na yeyote anayekudai hela ya fomu, ya usajili au ya nauli ya mzigo ili upewe msaada, huyo ni tapeli. Hata akiwa amevaa fulana yenye nembo. Hata akiwa anataja jina la Mungu kila sentensi.

Sasa niseme na lile linaloniuma. Katika msimu uleule tuliitwa na kikundi kimoja, sikitaji, kwenye uwanja wa wazi. Tulifika asubuhi. Mgeni rasmi alifika baada ya adhuhuri. Wazee na wanawake wenye vichanga tulikaa juani mbele ya mifuko yetu wenyewe, imepangwa safu, tukiambiwa tusiiguse mpaka mgeni afike na mpiga picha ajipange. Nilipoitwa, niliambiwa nishike mfuko upande mmoja, mgeni ashike upande wa pili, nitabasamu. Picha haikutoka vizuri, nikaambiwa nirudie. Ndani ya mfuko mlikuwa na mchele, sukari na mafuta, vitu vizuri, na tulivila. Lakini ile picha ilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka ikamfikia mteja wangu wa zamani, na mwanangu mkubwa alioneshwa shuleni. Alirudi nyumbani akauliza kama sisi ni ombaomba. Alikuwa na miaka kumi na moja. Mpaka leo akiona mtu ananyanyua simu upande wake anageuza uso.

Kwa hiyo ninyi mnaotoa, naomba mnisikilize pia, kwa kuwa najua mnasoma hapa na najua wengi mna moyo safi. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inatumika tangu Mei 2023. Sura ya mtu ni mali yake hata akiwa na njaa. Mwenye njaa ukimuuliza "tukupige picha?" huku mfuko uko mkononi mwako, atakubali nini na atakataa nini? Wafadhili wenu wakitaka ushahidi, wapigieni picha mifuko. Wapeni orodha yenye saini. Wapigieni picha gari likipakuliwa. Mtume wetu ametufundisha habari ya mkono wa kulia kutoa na wa kushoto usijue, na jirani yangu ananiambia kwenye Injili nao wanasoma hivyohivyo. Sasa sisi tunatoa mkono wa kulia ukiwa umeshika mfuko na wa kushoto ukiwa umeshika simu, halafu tunasema tunatafuta radhi za Mungu.

Jingine ni kalenda. Zaka ya fitri ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, kama kilo mbili na nusu hivi za mchele, na inatakiwa imfikie mwenye haki kabla ya swala ya Idi. Ni jambo zuri mno, hakuna anayetakiwa kukosa chakula siku ile. Lakini nyumba niliyoiona mimi ilikuwa na mchele wa kumwaga siku ya Idi, na Juni ikawa inanunua unga wa kupima. Sadaka ya kawaida haina mwezi. Mnaoweza, gaweni kidogokidogo kwa mwaka mzima. Leteni Juni. Leteni Septemba. Leteni Januari, mwezi ambao mzazi analia peke yake.

Na nguo mnazotoa zifueni. Mimi niko kwenye biashara hii, nawaambia kwa uzoefu: sketi isiyo na zipu haimsaidii mtu ambaye hana hela ya zipu, na kiatu cha mguu mmoja ni uchafu unaomhamishia mwenzako. Sisi wanawake wachache pale sokoni sasa tunaweka pembeni sare kila tunapofungua belo: mashati meupe, sketi na kaptura za bluu, sweta. Tunazishona, tunazipiga pasi, na Desemba tunazipeleka kwa walimu wakuu wa shule za jirani, ambao wanajua nani hana na watampa bila tangazo. Mwenye sare iliyombana mwanawe aniandikie pembeni, nitamwelekeza meza yetu ilipo. Tunapungukiwa zaidi sare za darasa la tano mpaka la saba, na sweta za saizi zote.

Dada yetu, yeye, amekwenda kwa mwenyekiti juzi na barua anayo. Mteja wa cherehani amerudishiwa kishika uchumba chake.